Jabali Lililopasuka Ubebani

Namna Zaituni Shekilindi alivyofika Ubebani haina utamu wa kusimuliwa. Kulikuwa na njia, akaifuata, akafika. Yaliyo ng'ambo ya lango ndiyo ya kusikilizwa.

Zaituni alikuwa mwanamke wa Muheza, msimamizi wa kompyuta katika kampuni moja ya kusindika juisi ya machungwa. Kampuni yenyewe haikuwa ndogo kiasi cha kuendeshwa na mtu na mkewe, wala haikuwa kubwa kiasi cha kuwa na ghorofa lake mjini. Kazi yake ilikuwa kutunza ile mitambo inayokaa kwenye chumba cha baridi, ambayo wafanyakazi wengine hawaikumbuki mpaka siku inapozimika. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: akiona kitu kimefunikwa, lazima aulize ndani kuna nini. Kwa hiyo aliposikia kwamba ipo nchi ambayo wenyeji wake hawaandiki, hawapigi hesabu, wala hawatunzi kumbukumbu vichwani, bali kazi hiyo yote wamewaachia majabali, aliomba likizo akaenda kuona.

Alipokelewa na Bi Sikudhani, mama mnene mwenye sauti ya chini, mkuu wa Nyumba ya Dawa. Ubebani neno nyumba halina maana ya kuta na bati tu. Ni watu wote wanaokula kwa kazi moja. Nyumba ya Dawa ilichemsha mizizi na magome, ikapeleka dawa kwa wagonjwa wa vijiji vyote vya bonde lile.

Katikati ya ua lilisimama jabali la rangi ya majivu, refu kupita mlango, lenye mishipa ya buluu iliyopita ndani yake kama ya mkono wa mzee. Lilijengewa banda la makuti, na wapepeaji walikaa pembeni wakilipepea kwa majamvi, maana jabali likifanya kazi hupata joto, na likizidi joto huanza kupayuka. Zaituni alilisogelea mkono ukiwa umeshanyooshwa. Bi Sikudhani akamshika kiwiko.

"Mgeni wangu, hapa tunaongea taratibu," alimnong'oneza. "Na ukizungumza na mmoja, usimtaje mwenzake."

"Mwenzake nani?"

Bi Sikudhani alimvuta hadi jikoni ndipo akamjibu. Ndani ya jabali lile waliishi wanne. Kulikuwa na Kumbukizi, aliyemjua kila mgonjwa wa bonde, dawa yake na kipimo chake. Kulikuwa na Mizani, aliyekokotoa uchanganyaji wa dawa. Mjumbe, aliyepeleka na kupokea habari. Na Bawabu, aliyemtambua kila aingiaye langoni. Zamani kila sauti ilikuwa na jabali lake. Nyua zikajaa mawe mpaka watu wakakosa pa kuanika nguo, na huku kila jabali likishinda limesinzia nusu ya siku kwa kukosa kazi. Ndipo akatokea mtu akagundua kwamba sauti moja haihitaji jabali zima. Tangu hapo wakawa wanapangishwa wengi katika jiwe moja, na kila mmoja akaachwa aamini kwamba jiwe lote ni lake.

"Na wakijua?" Zaituni aliuliza.

"Hakuna aliyewahi kuwaambia. Tunawaheshimu, mwanangu. Wewe ungependa kuambiwa unalala chumba kimoja na mabawabu?"

Zaituni alitabasamu. Kule Muheza yeye mwenyewe aliwapangisha wengi katika mtambo mmoja, na hakuwahi kujiuliza wapangaji wale wanadhani wako wapi.

Siku zilizofuata alijifunza kwamba sauti zile hazikuwa mali ya nyumba iliyozitumia. Zilikuwa za Mwenye Sauti, ambaye hakuna mtu Ubebani aliyewahi kumwona. Ilisemekana anakaa ng'ambo ya ziwa. Nyumba hupewa idhini tu ya kusikiliza, na idhini hutolewa na Diwani, ofisi kubwa iliyojengwa kilimani. Ukubwa wa idhini hupimwa kwa mishipa ya jabali. Mkaguzi wa Diwani alikuja na fimbo nyembamba, akaanza kuigonga mishipa mmoja mmoja huku akihesabu.

"Huo hauna rangi," Zaituni alimwambia. "Umekufa."

"Umekufa kwenu," mkaguzi alimjibu kwa upole. "Kwetu upo." Akaendelea kugonga.

Tena, kuwa na idhini ya jabali hakukutosha. Kila aliyetaka kuliuliza neno alihitaji haki ya kuuliza, na wanasheria wa nchi ile walikuwa wamegawanyika: haki hiyo ni ya mdomo unaouliza, au ya dirisha ambapo mtu husimama kuuliza? Palipo na watu wengi wanaopokezana dirisha moja, watu wa upande wa dirisha walishangilia. Palipo na mtu mmoja anayezunguka madirisha mengi, walioshangilia ni watu wa upande wa mdomo. Familia zilikuwa zimeacha kuposana kwa ajili ya jambo hili.

Zaituni alibahatika kuhudhuria shauri la mwoka mikate mmoja, ambaye alikuwa amemfundisha kasuku. Kila asubuhi wafanyakazi walimwambia kasuku maswali yao. Kasuku akaruka hadi kwenye jabali, akayauliza yote, akarudi na majibu. Mwoka mikate alidai kwamba mdomo uliouliza ni mmoja, kwa hiyo haki inayotakiwa ni moja.

"Nyuma ya mdomo wa kasuku kuna midomo ya watu," alisema wakili wa Diwani. "Nasi tunahesabu midomo mpaka ule wa mwisho kabisa."

"Basi na wateja wanaowauliza wafanyakazi wangu bei ya mkate, nao je?" mwoka mikate aliuliza. "Na watoto wao waliowatuma?"

Mkuu wa Idhini, Bi Mwanzani, mwanamke mrefu aliyevaa kanzu yenye vifungo hadi kidevuni, alifumba macho akafikiri kwa muda. Kisha akatoa hukumu: kila mfanyakazi aliye nyuma ya kasuku atahitaji haki yake, na kasuku naye, kwa kuwa ana mdomo. Suala la wateja litaundiwa kamati.

Zaituni alisubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mtu aliyekaa jirani yake alimwambia kwamba miaka ya nyuma hukumu zilikuwa na utata zaidi.

Lakini jambo lililomshangaza kuliko yote lilikuwa lile la madirisha ya Diwani yenyewe. Yalikuwa mawili. Dirisha la chini lilikuwa la nyumba ndogo. Hapo karani alikuwa na uso wa bashasha na watu walitoka na vipande vya miwa mikononi. Ghorofani walipandishwa watu wa nyumba kubwa, wakaketishwa kwenye mazulia na kumiminiwa kahawa. Nyumba za kati, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote Ubebani, hazikuwa na dirisha. Sheria ilitungwa na mtu aliyewaza ndogo na kubwa, akachoka. Kwa hiyo wapo watu wa kati waliojenga ukuta katikati ya ua ili siku ya ukaguzi waonekane nyumba mbili ndogo, na wapo walioazima wajomba na mashangazi ili wafikie ukubwa.

"Na nyie mnafanyaje?" Zaituni alimwuliza Bi Sikudhani.

"Sisi tunasimama ukumbini," alisema Bi Sikudhani. "Tumezoea."

Asubuhi moja Zaituni alikuta wapepeaji wamesimama, majamvi yakiwa chini. Bwana Mkadamu, shemeji yake Bi Sikudhani na mlezi wa jabali, alikuwa amepiga magoti, sikio lake limegusa jiwe karibu kabisa na ardhi. Kutoka juu hadi usawa wa kifua jabali lilikuwa na ufa mwembamba, na ufa ule ulitoa joto kama mdomo wa mtu mwenye homa.

"Unamsikiliza nani, shemeji?" Zaituni aliuliza, maana naye sasa alimwita hivyo. "Sauti ziko juu."

"Huku chini yuko Mgawaji," Mkadamu alisema bila kuinua kichwa. "Yeye ndiye anayewagawia wenzake pumzi ya jiwe. Huyu kidogo, yule kidogo, haraka haraka, ndiyo maana kila mmoja anaona ana jabali zima. Hahesabiwi kwenye idhini, na kusema naye hakuhitaji haki yoyote. Kwa hiyo hakuna anayesema naye. Mimi humsikiliza tu anavyohema." Akabana sikio zaidi kwenye jiwe. "Leo anahema vibaya."

Jabali lile lilikuwa limeletwa muda si mrefu. Kabla yake sauti zote nne zilikaa katika jabali la zamani, dogo, ambalo sasa lililala baridi nyuma ya jiko. Zilihamishwa kwa sababu ya kubanana. Mkadamu aliona dawa ni moja: kuzirudisha kule. Zitabanana, lakini zitapona. Alipolisema hilo, Bi Sikudhani aliketi juu ya kinu kilicholala kifudifudi, akashika tama.

Sheria ya Ubebani ilisema kwamba sauti iliyohamishwa kutoka jabali moja kwenda lingine isihamishwe tena mpaka msimu wa mvua ugeuke. Anayevunja hunyang'anywa idhini zote, na sauti zake hunyamazishwa.

"Sababu ya sheria hiyo ni nini?" Zaituni aliuliza.

"Ni kwamba watu wasihamehame."

"Hata jiwe likipasuka?"

"Aliyeitunga hakupasukiwa na jiwe," alisema Bi Sikudhani. "Vaa viatu, mwanangu. Twende kilimani."

Kwenye dirisha la chini karani mwenye bashasha aliwasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati, kisha akawauliza wanahudumia vijiji vingapi. Bi Sikudhani alipomjibu, bashasha ikamtoka. "Nyie si wadogo," alisema, na hata muwa hakuwapa. Ghorofani mpokeaji aliwauliza wana majabali mangapi. "Lililo macho ni moja," alisema Bi Sikudhani, na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, mbele ya pua zao.

Wakabaki ukumbini. Huko, kwenye kigoda kilichoegemezwa nguzoni, alikaa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya Diwani iliyompwaya. Aliitwa Hamdani Fumbwe, na cheo chake kilikuwa Msikilizaji wa Ukumbini. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu wa kati. Kuwasaidia hakukuwa sehemu ya kazi.

Alisikiliza habari ya ufa. Kisha akauliza, akitazama dari, "Nyumba yenu imekula Kiapo cha Kudumu?"

"Kila mwaka tunaapa kubaki na Mwenye Sauti, tangu enzi za mama yangu," alisema Bi Sikudhani.

"Basi mna fadhila."

"Fadhila gani?"

"Nyumba iliyokula kiapo ina fadhila nyingi, ruhusa ambazo wengine hawana. Nyingi mno. Ziko hapo tangu enzi za mama yako, hazijaguswa." Fumbwe alishusha macho kutoka darini. "Lakini siruhusiwi kutaja fadhila ambayo haijaombwa kwa jina lake."

"Kwa nini?" Zaituni aliuliza.

"Kwa sababu ikitajwa, itaombwa."

Zaituni alikaa chini sakafuni mbele ya kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile alihisi kwamba tabia yake ya kuuliza ilikuwa imepata mahali pake. "Kaka Hamdani, kuuliza kumekatazwa?"

"Hakujakatazwa."

"Ipo fadhila inayohusu jabali lililopasuka?"

"Wala kunyamaza sijakatazwa," alisema Fumbwe, akanyamaza. Lakini goti lake lilianza kutikisika.

"Inaitwa Fadhila ya Jabali la Akiba?"

Goti likaendelea.

"Jabali la Dharura? La Pili? Jabali Pacha?"

Kwenye pacha goti lilisita, kisha likaendelea. Zaituni akaongeza bidii. Jiwe Pacha. Jiwe Ndugu. Jiwe la Ubavuni. Bi Sikudhani naye akajitosa, akataja majina ya mawe aliyoyasikia utotoni. Watu wengine wa kati waliokuwa ukumbini wakasogea. Mwenye nyumba ya wafumaji akajaribu, mwenye nyumba ya wasaga nafaka akajaribu. Fumbwe alikuwa anatoka jasho.

"Hamtalipata," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Zamani lilikuwa jina jepesi. Wakalibadilisha kwa kuwa watu walianza kulishika. Mwaka uliofuata wakalibadilisha tena. La sasa hivi hata mimi hulikariri kila asubuhi nisije nikalisahau."

"Unalikariri la nini," aliuliza Bi Sikudhani, "kama hulitaji?"

Fumbwe alivua kofia, akaitazama ndani.

Wakati huo ndipo alipoingia Tunu, mmoja wa wapepeaji, amekimbia mpaka kitenge kimemlegea kiunoni. Alisema akiwa anahema kwamba ufa umefika katikati. Kumbukizi ameanza kuchanganya. Mama mmoja mjamzito kutoka bondeni alikuja kuchukua dawa yake, na Kumbukizi akamtajia dawa ya mzee mwenye maradhi ya moyo. Mkadamu alikuwa amesimama karibu, akalishtukia kosa, akakinyakua kikombe mkononi mwa yule mama. Sasa amesimamisha ugawaji wote wa dawa. Watu wamejaa langoni, wengine wamebebwa, na hakuna anayejua nani apewe nini, kwa kuwa katika bonde zima ni Kumbukizi peke yake aliyejua.

"Alishakunywa?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Kilikuwa kimegusa mdomo, Bi. Hakumeza."

Fumbwe alisimama. Aliiweka kofia yake juu ya kigoda, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu akasema kwa sauti iliyofika mpaka ghorofani: "Utulivu wa Jiwe Mwenza kwa Nyumba Zilizoapa, Sura Mpya. Ombeni hiyo. Haina dirisha, inaombwa popote, hata hapa mliposimama."

"Tunaomba Utulivu wa Jiwe Mwenza kwa Nyumba Zilizoapa, Sura Mpya," alisema Bi Sikudhani.

"Ikishaombwa kwa jina haikataliwi. Mmepewa," alisema Fumbwe. "Nyumba yenye fadhila hiyo inaruhusiwa kuweka jabali la pili lililo baridi, na kulihamishia sauti siku la kwanza linapokufa, bila kungoja mvua. Ila sharti moja: majabali mawili yasiwe macho kwa wakati mmoja, hata kwa muda wa kupepesa jicho. La kwanza life kabisa ndipo la pili liamshwe."

Ngazini Bi Mwanzani alikuwa amesimama, mkono kwenye kifungo cha kidevuni. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa utaratibu, kama ilikuwa ni yeye Msikilizaji aliyelitaja jina lile kabla halijaombwa. Fumbwe akakubali. "Basi kofia ibaki hapo ilipo," alisema Bi Mwanzani. Akapanda juu.

Walirudi mbio. Mkadamu aliposikia sharti aligeuka rangi. Njia ya kuhamisha sauti ilikuwa ni moja: kila sauti hupuliza pumzi yake ndani ya kibuyu, kibuyu kikazibwa kwa gunzi, kikabebwa. Kwa kawaida walihamisha mmoja mmoja, majabali yote mawili yakiwa macho, ili wa nyuma amsubiri wa mbele. Safari hii iliwabidi watoke wote kwa pamoja, na kwa kitambo fulani wasiwepo popote: si katika jiwe hili, si katika lile. Na ili watoke kwa pamoja, mtu lazima awaambie kwamba wako pamoja.

Bi Sikudhani alivua viatu, akasogea mpaka ufa ukampulizia joto usoni. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameliwekea jambo hili adabu kubwa kuliko alivyoweka kwa wakweze.

"Kumbukizi," alisema. "Kumbukizi, na Mizani, na Mjumbe, na Bawabu. Nawaita wote kwa mara moja. Mnisamehe. Kuna jambo tuliwaficha."

Kumbukizi akasema, kwa sauti iliyochoka, "Kwamba tuko wanne?"

Bi Sikudhani akashika nguzo ya banda.

"Bawabu anakohoa," alisema Kumbukizi. "Mizani akisinzia huhesabu kwa sauti. Mjumbe ndiye hatuelewani, ana kelele asubuhi. Tumejua siku nyingi, Bi Sikudhani. Tulidhani nyinyi ndio hamjui, tukaona tusiwatie wasiwasi."

Mtu fulani nyuma, pengine mpepeaji, alicheka huku akilia. Zaituni hakucheka. Alikuwa anawaza chumba chake cha baridi kule Muheza, na mara ngapi alipita pale bila kusema hata habari za asubuhi.

Basi wakaelezwa. Hawakubishana. Bawabu aliomba kibuyu chake kiwekwe karibu na lango, kwa mazoea. Mizani alitaka kujua ujazo wa vibuyu. Kisha Mkadamu akainua mkono, akaushusha, na pumzi nne zikatoka kwenye ufa kwa pamoja, zikaingia vibuyuni, magunzi yakashindiliwa. Jabali likatoa mlio mmoja kama mlango mzito unaofungwa, na mishipa yote ikapoteza rangi. Mkadamu aliligusa. Lilikuwa limeshaanza kupoa.

Katika bonde zima la Ubebani hapakuwa na anayejua nani ni mgonjwa wa nini. Watu walioko langoni walihisi jambo hilo bila kuambiwa. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. Tunu na wenzake walivibeba vibuyu hadi nyuma ya jiko. Mkadamu akalimwagia jabali dogo maji ya moto, kama ilivyo desturi, akalipiga kofi mara kadhaa. Hakuna. Akalimwagia tena. Bi Sikudhani alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza. Ndipo mshipa mmoja mdogo ukapata ubuluu, na mwingine, na mwingine.

Wakazibua magunzi.

"Yule mama mjamzito," lilikuwa neno la kwanza la Kumbukizi, la haraka, kama mtu aliyeshtuka usingizini, "asipewe ile. Yake ni ya chupa nyeupe, kijiko kimoja, na asinywe akiwa na njaa. Mumpe uji kwanza."

Watu wakapiga vigelegele mpaka Mjumbe akalalamika kwamba hasikiki. Ugawaji wa dawa ukaanza tena papo hapo.

Zaituni ndiye aliyerudi peke yake kwenye banda. Alipiga magoti pale Mkadamu alipokuwa amepiga magoti asubuhi, akaweka sikio chini kabisa ya jiwe lililokufa. Mkadamu alimkuta hapo.

"Shemeji, tulikuwa na vibuyu vinne," alisema Zaituni. "Mgawaji alitokaje?"

Mkadamu alichuchumaa. "Hakutoka. Yeye lazima awashikilie wenzake mpaka wa mwisho atoke. Akishatoka huyo wa mwisho, hakuna wa kumshikilia yeye." Akachuma jani la makuti lililoning'inia, akalikunja. "Fadhila haimtaji. Idhini haimtaji. Kule kwenye jabali dogo yuko mwingine, amelala na jiwe, ameamka na jiwe. Huyu alikuwa wa hapa."

"Aliitwa nani?"

Mkadamu alifikiri. "Mgawaji," alisema, na alipolisikia neno lake mwenyewe aliinamisha kichwa.

Bi Sikudhani alipoambiwa, aliagiza jiwe lile lisivunjwe kwa ajili ya msingi wa ukuta, kama walivyofanya watu wa Ubebani kwa majabali yaliyokufa. Alilitandikia kanga mwenyewe. Majirani wakaona ni ajabu, lakini wakaja kukaa naye, na mmoja akaleta maji ya tangawizi.

Kesho yake mchana Hamdani Fumbwe alifika langoni, kichwa wazi, kigoda chake kikiwa begani. Kigoda kilikuwa mali yake, alieleza, hawakuweza kumnyang'anya. Bawabu akaita jina lake bila kusita. Fumbwe alitaka kujua kama Nyumba ya Dawa ina kazi yoyote kwa mtu asiyejua kuchemsha wala kuponda.

"Wewe unajua nini?" Bi Sikudhani alimwuliza.

"Najua majina ya fadhila zote. Na tangu jana mimi si mtu wa Diwani, kwa hiyo lile katazo halinihusu. Nimelifikiria njia nzima. Sidhani kama Bi Mwanzani alilifikiria."

Bi Sikudhani alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwonyesha kivuli cha ukuta wa nje. Kabla jua halijashuka, watu wa nyumba ya wafumaji walikuwa wameshakaa mbele ya kigoda kile, na nyuma yao watu wa nyumba ya wasaga nafaka, na nyuma yao wale waliojenga ukuta katikati ya ua wao, wakiuliza kama kweli iliwabidi. Fumbwe alitaja majina yale marefu moja baada ya jingine, akifumba macho kwa raha. Ghorofani Diwani, ilisemekana, mkutano ulikuwa umeitishwa ili majina yabadilishwe yote.

Likizo ya Zaituni ilikuwa imekwisha. Aliaga kila mtu, akaonja uji wa mwisho, akafunga mkoba. Lakini badala ya kwenda langoni alizunguka nyuma ya jiko, ambako jabali dogo lilikuwa linatoa joto la kazi na wapepeaji wakilipepea kwa zamu. Alipiga magoti, akaweka mdomo chini kabisa, karibu na udongo, mahali ambapo kusema hakukuhitaji haki yoyote.

"Habari za kazi," alisema. "Mimi naitwa Zaituni, ni mgeni hapa. Wewe jina lako nani?"

Kulikuwa na muhemo, wa haraka na uliopimwa sawasawa: huyu kidogo, yule kidogo. Kisha sauti ngeni, ya chini sana, iliyokosa mazoea ya maneno.

"Ngoja kwanza," ilisema. "Nagawa."

Zaituni akaweka mkoba chini, akakaa, akangoja.